Uji wa Mama Mkwe

Siku watu wa suti nyeupe walipokuja Bwera kumchukua Kavira, mumewe Bwambale hakuuza hata robo kilo ya nyama. Mbuzi wawili walining'inia kwenye ndoano tangu asubuhi mpaka inzi wenyewe wakachoka nao. Ketura, aliyekuwa akiuza nyanya na vitunguu kwenye kivuli cha bucha lile kwa miaka tisa, alihamishia meza yake upande wa pili wa barabara. Hakuaga.

Usimlaumu sana. Kavira kwao ni Butembo, ng'ambo ya mpaka, na kila Jumanne na Ijumaa, siku za soko, alishinda Mpondwe pale mpakani akiuza vitenge, akishikana mikono na nusu ya Kongo. Mahali pengine mtu akitoka damu kwenye ufizi huambiwa abadilishe mswaki. Bwera, mwenye ndugu ng'ambo akitoka damu kwenye ufizi, watu hukaa chini wakahesabu ni lini walimpa mkono mara ya mwisho.

"Bwambale!" alipaza sauti Shafic, mwenye bucha la ng'ambo ya barabara. "Leo usiniletee noti zako nikuvunjie, bwana! Ziogeshe kwanza kwa sabuni!"

Watu wakacheka. Bwambale akaendelea kufuta kibao cha kukatia nyama ambacho hakikuwa na kitu cha kufutwa. Alikuwa mtu mnene, mwenye mikono mizito, na alipoumia hakujua afanye nini na mikono hiyo. Jioni alitoa nje godoro walilolalia yeye na mkewe akalichoma, kwa kuwa majirani walisimama njiani wakimtazama, na ilionekana hawataondoka mpaka alichome.

Kavira aliwekwa kwenye hema peke yake siku tatu. Walimpima, wakampima tena. Haikuwa Ebola. Habari hiyo ilipofika sokoni haikumfurahisha mtu yeyote, maana waliokwisha kukimbia waliona aibu kurudi. Na damu ilikuwa bado inatoka. Wakampeleka Kasese, kwenye hospitali kubwa zaidi.

Huko walipokewa na daktari mwanamke aitwaye Aryemo, Mwacholi mrefu, binti wa mwanajeshi, aliyezaliwa kambini na kusomea kambini. Kiswahili chake kilitembea kama kiko gwaride. Alifunua miguu ya Kavira, akaona vidoa vyekundu kuanzia kwenye kifundo mpaka gotini, kama mtu aliyemwagiwa mtama mwekundu ukagandia kwenye ngozi. Akavibonyeza kwa kidole. Havikupotea.

"Mzee, kazi yako nini?" alimwuliza Bwambale.

"Nauza nyama."

"Ukijikata kisu inakuwaje?"

"Naminya kidole. Damu inatoka kidogo, inakaa."

"Kwa nini inakaa?"

Bwambale alikuwa amejikata karibu kila wiki kwa miaka ishirini, na hakuna aliyewahi kumwuliza swali hilo. Akafikiri. "Labda inachoka," alisema.

Kavira, na pamba mdomoni, alicheka, na kicheko kikamtoa damu nyingine. Daktari naye akatabasamu, akavuta kiti.

"Ndani ya damu kuna vipande vidogo sana, jicho halivioni. Vyenyewe ndivyo vinakimbia kuziba tundu. Wewe na mimi, kwenye katone kadogo tu ka damu, tuna laki moja na nusu na zaidi. Mke wako ana elfu saba."

"Vingine vilienda wapi?"

"Mwili wake umeviua wenyewe. Sasa nataka kujua nani ameuambia uviue. Mama, siku hizi unameza dawa gani?"

Kavira akatoa pamba mdomoni. Alikuwa na maumivu ya mkojo, akasema, akanunua septrini duka la dawa, vidonge viwili asubuhi, viwili jioni. Siku ya saba ndipo alipiga mswaki akaona povu jekundu.

"Septrini?" Bwambale hakuamini. "Daktari, septrini kila mtu anameza. Mjomba wangu anameza kila siku, huu mwaka wa kumi na mbili. Ndiyo imemweka hai."

"Na mjomba wako nitaendelea kumwandikia. Hiyo dawa imeokoa watu wengi kuliko nitakaowaokoa mimi mpaka nistaafu. Lakini kati ya maelfu ya watu, anatokea mmoja. Dawa inashikamana na vile vipande. Mwili unaviangalia, hauvitambui tena, unadhani ni adui. Mlinzi anapiga risasi watu wa kambi yake mwenyewe. Umeelewa?"

"Nimeelewa. Dawa yake ni gani?"

"Kuacha. Tutamwangalia, tutatuliza huyo mlinzi, lakini dawa kubwa ni kuacha. Na sikia, mzee." Aryemo akanyoosha kidole kama afande. "Mlinzi huyo hasahau. Mkeo akiionja tena, hata kimoja, haitangoja siku saba. Itakuwa siku moja. Itakuwa saa."

Kavira alikaa Kasese siku tisa. Vidoa vikafifia, vikawa rangi ya kahawia, vikaondoka. Siku ya kuruhusiwa Aryemo alimpa Bwambale namba yake ya simu, akamwambia asiitumie kumsalimia.

Nyumbani, Bwambale alikusanya kila kidonge kilichokuwa ndani ya nyumba, hata vya kichwa, hata vya minyoo, akavitumbukiza chooni. Kisha akazunguka maduka ya dawa ya Bwera, moja baada ya jingine, na aproni yake ya bucha yenye damu.

"Mnamjua mke wangu? Kavira wa vitenge? Msimwuzie septrini."

"Sawa, mzee."

"Hata akilia."

"Sawa, mzee. Simama mbali kidogo na kaunta."

*

Wiki moja baadaye mama yake Kavira alivuka mpaka kuja kumwuguza mwanawe. Jina lake Wivine, mwanamke mwembamba wa miaka sitini na kitu, na rozari shingoni, na dumu la mawese, na begi la nguo lililofungwa kwa kamba ya katani. Alikuwa amezika watoto wanne kati ya wanane. Kavira ndiye mdogo wa wale wanne waliobaki.

Sasa lazima mtu aelewe mambo ya mkwe. Kwa Bakonzo, watu wa Bwambale, na kwa ndugu zao wa ng'ambo, watu wa mkewe, jinsi koo zao zilivyoshika desturi, mama mkwe ni wa kuogopwa kuliko polisi. Humpi mkono. Hupishani naye mlangoni. Hali mbele yako nawe huli mbele yake. Humwangalii usoni, na kama una neno, humwambii yeye, unamwambia mtu mwingine amwambie. Bwambale alikuwa na miaka ishirini na miwili ya ndoa, na uso wa mama mkwe angeuona sokoni asingeutambua. Miguu yake ndiyo aliyoijua. Angeonyeshwa miguu ya wanawake mia, ya mama mkwe angeitoa bila kukosea, yenye kidole cha mwisho kilichopanda juu ya mwenzake.

Kwa hiyo maneno yote ya nyumba ile yalipitia kwa Kavira. Watoto wao wawili walikuwa wameshaondoka, mmoja, Jolly, ameolewa Mbarara. Asubuhi Bwambale alisimama uani akiwa amegeuzia jiko mgongo.

"Mama Jolly, mwulize mama amelalaje."

"Mama, Baba Jolly anauliza umelalaje."

"Mwambie Baba Jolly nimelala muzuri," alisema Wivine, hatua tatu kutoka aliposimama mkwewe. "Ni ule kuku tu anapiga kelele."

"Baba Jolly, mama anasema kuku anapiga kelele."

"Mwambie mama leo jioni huyo kuku atanyamaza."

Na Kavira akacheka, akishika ubavu. Alipenda kazi hiyo ya kuwa daraja. Alisema anakula ushuru pande zote mbili.

Habari ya ugonjwa aliieleza mwenyewe kwa mama yake, wamekaa jikoni wakichambua dagaa, na Bwambale aliwasikia akiwa uani ananoa visu.

"Ni dawa moja ya Uganda," Kavira alisema. "Damu yangu haiitaki kabisa. Daktari amekataza nisiiguse maisha."

"Dawa ya Uganda?"

"Ndiyo, mama."

"Basi dawa ya Uganda ibakie Uganda," Wivine akasema. "Mimi nitakutunza na vya kwetu."

Bwambale alitabasamu peke yake juu ya jiwe la kunolea. Aliyapenda maneno yale. Wala hakupata wazo la kumwambia mama mkwe jina la dawa yenyewe. Angemwambiaje? Na tena, jina la nini, ikiwa mwanamke huyo hajawahi kununua dawa Uganda maishani mwake?

Siku zikapita. Wateja wakarudi mmoja mmoja. Ketura naye alirudi na meza yake, akasema kule jua lilikuwa kali. Bwambale akamwambia karibu. Kavira alinenepa mashavu. Kila asubuhi mama yake alimpikia uji mzito wa ulezi na soya, akasimama mbele yake mpaka kikombe kimekwisha, kama mtu anayemsimamia mtoto wa darasa la kwanza.

"Mama, nina miaka arobaini na tatu."

"Kunywa."

*

Ijumaa ya pili, saa saba mchana, Bwambale alitoka bucha kwenda kula nyumbani. Alimkuta Kavira amekaa kwenye ngazi ya mlango, kichwa amekiinamisha, kitenge amekibana puani. Kitenge kilikuwa cha njano. Nusu yake haikuwa ya njano tena.

"Tangu lini?"

"Asubuhi. Nilidhani itakaa."

Alipiga magoti akamfunua miguu. Mtama mwekundu ulikuwa umemwagwa tena, safari hii mpaka mapajani. Akamfungua mdomo kama anavyomfungua mbuzi kumtazama meno, lakini taratibu. Ndani ya shavu kulikuwa na malengelenge meusi ya damu, manne, kila moja kama zabibu.

"Umemeza nini?"

"Sijameza kitu, Baba Jolly. Naapa. Hata mkojo uliponiuma tena juzi nilinyamaza. Niliogopa vidonge. Nilijificha bafuni nikalia tu." Damu ikamjaa mdomoni, akageuka akatema. "Sijameza hata kimoja. Naapa kwa mama yangu, yule pale jikoni."

Bwambale akampigia Aryemo. Hakusalimia.

"Imerudi, daktari."

"Kameza."

"Anaapa hajameza."

"Mzee, nisikilize. Kama ni ile, kuna kitu kimeingia mdomoni mwake kati ya jana na leo. Mlete sasa hivi. Lakini kabla hujaondoka kitafute. Nisipokijua, nitamtibu hapa, na huyo anayempa atampa tena hapa hapa kitandani. Tafuta chakula, chai, kila kitu. Nani anampikia?"

Bwambale aligeuka. Aliangalia mlango wa jiko. Moshi mwembamba ulikuwa unatoka, na ndani, kwenye sakafu, aliiona miguu ya mama mkwe.

"Nani anampikia, mzee?"

"Nakupigia," akasema, akakata.

Akamwita Shafic kwa simu, akamwambia alete gari. Kisha akamgeukia mkewe. "Mama Jolly, mwulize mama..." Kavira akafungua mdomo kusema, na kilichotoka hakikuwa neno. Akainua mkono, akautikisa. Hawezi.

Daraja lilikuwa limekatika. Bwambale alisimama katikati ya uwanja na mikono yake ile mizito. Akaenda hadi mlango wa jiko, akageuka, akachuchumaa akiwa ameupa mlango mgongo, akasema na ukuta wa nyumba ya jirani.

"Nauliza tu," aliuambia ukuta. "Kama kuna mtu anajua kilichomo kwenye uji."

Jikoni mwiko uliwekwa chini.

"Mimi sisemi kuna ubaya. Nasema daktari anataka kujua."

Nyuma ya ukuta ule mtoto wa jirani alikuwa anakariri jedwali la mara saba. Bwambale akamwangalia mkewe pale kwenye ngazi, kitenge cha pili sasa, na akafanya jambo ambalo baba yake, angekuwa hai, angempiga faini ya mbuzi kwa ajili yake. Aliinuka, akageuka, akainama chini ya kizingiti, akaingia jikoni.

Mama mkwe alijivuta nyuma mpaka mgongo ukagusa kuni. Alivuta kitenge akafunika uso. Bwambale akapiga magoti majivuni.

"Mama," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza. "Nisamehe. Nitalipa baadaye, kama ni mbuzi nitatoa, kama ni ng'ombe nitatafuta. Lakini mwanao anakufa pale nje, na hakuna mtu wa kunisemea. Umemtilia nini kwenye uji?"

Mkono mmoja ukatoka chini ya kitenge, ukaingia kifuani, ukatoa pakiti ya karatasi ya rangi ya fedha, imekunjwa na kukunjuliwa mara nyingi. Akaiweka chini, sio mkononi mwake, akaisukuma kwa kidole mpaka ikagusa goti la mkwewe.

"Nilimusikia anaugulia bafuni," sauti ikasema chini ya kitenge. "Anakataa vidonge, anaogopa. Nikasaga. Jana mangaribi kimoja, leo asubuhi viwili. Lakini hii haiko ya Uganda, Baba Jolly. Hii iko ya kwetu. Nilinunua Butembo kwa masista. Hii nilitibia nayo watoto wote."

Bwambale akaiinua pakiti kwenye mwanga wa mlango. Haikuandikwa septrini. Aliigeuza, akaitazama tena. Jina lilikuwa jingine kabisa, kati ya maneno ya Kifaransa: Bactrim. Nafuu na hofu zikamjia kwa wakati mmoja. Kama siyo hii, basi ni nini? Akapiga simu.

"Ni ya Kongo, daktari. Siyo ile. Imeandikwa ba, ka, baktrimu."

"Chini yake kuna herufi ndogo. Soma."

Bwambale aliacha shule darasa la tano. Kusoma alijua, lakini kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Akaisogeza pakiti karibu na jicho.

"Su. Sul. Sul-fa." Jasho lilimtiririka. "Me. Me-tho." Nje alisikia Kavira akitema. "Daktari, ni refu."

"Endelea."

"Sul-fa-me-tho-ksa..."

"Basi. Acha hapo." Sauti ya Aryemo ilishuka. "Ni ile ile, mzee. Dawa moja. Huku tunaiita hivi, kule wanaiita vile. Mlete. Kimbiza."

Simu ilikuwa na sauti kubwa, ya kijijini. Mama mkwe alikuwa amesikia kila neno. Kitenge kilimwanguka usoni, naye hakukiokota, na Bwambale akauona uso huo kwa mara ya kwanza. Ulikuwa uso wa Kavira, uliozeeka. Mdomo ulikuwa wazi.

*

Shafic alikuja na gari lake la kubebea mbuzi, ametandika gunia safi.

"Nitakulipa mafuta," alisema Bwambale.

"Panda, mjinga wewe."

Kavira alilazwa juu ya gunia hilo kwenye kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwa mama yake. Bwambale alikaa mbele, akatazama barabara tu, kwa kuwa kugeuka nyuma kungekuwa kumwangalia mkwe, na adabu aliyokwisha kuivunja mara moja hakutaka kuivunja mara mbili. Basi alisikiliza. Alisikia pumzi za mkewe, na rozari, na punje zake zikigongana. Kwenye vizuizi viwili vya barabarani askari waliwasimamisha, wakaona damu, wakaruka nyuma. "Siyo Ebola!" Shafic alipiga kelele dirishani. "Ni dawa! Dawa, afande! Tuachie!" Walipopita Muhokya, punje zikanyamaza, na Bwambale akashika dashibodi kwa mikono miwili. Kisha zikaanza tena.

Safari hii vile vipande vilikuwa elfu mbili. Aryemo hakukaa kwenye kiti. Waliziba pua ya Kavira, wakamwekea damu chupa mbili, wakampa dawa ya kumtuliza yule mlinzi wa ndani, na ya mkojo wakampa nyingine, ya ukoo mwingine kabisa. Waliogopa kichwa. Damu ikivuja kichwani, Aryemo alisema, hapo hatuna la kufanya. Kwa hiyo asikohoe kwa nguvu, asijikamue chooni, asicheke.

"Nimwambie asicheke?" aliuliza Bwambale.

"Wewe ndiye usimchekeshe."

Siku tatu Bwambale alikaa upande mmoja wa kitanda na mama mkwe upande wa pili, chini, kwenye mkeka. Hawakusemeshana. Kavira alilala katikati, na kila walipotaka kuambizana kitu waliangalia midomo yake iliyovimba wakanyamaza. Ugali wa hospitali ulipokuja, Bwambale aliubeba akaenda kula nje kwenye jua, nyuma ya tangi la maji, ili mama mkwe apate kula. Siku ya kwanza alirudi akakuta sahani ya mama mkwe haijaguswa. Ya pili vivyo hivyo. Wanawake wa vitanda vya jirani walinong'ona kwamba bibi yule ndiye anayeumwa.

Alikuwa amekwisha kujihukumu, Bwambale aliliona hilo. Mwanamke aliyezika wanne, na wa tano nusura amzike kwa mkono wake, kwa mwiko wake. Bwambale alikuwa na neno la kumwambia, na hakuwa na mtu wa kulipitishia.

Asubuhi ya nne Aryemo aliingia na karatasi ya maabara, na wanafunzi watatu wa uuguzi nyuma yake.

"Elfu thelathini na moja," alisema. "Mama Kavira, umerudi."

Kavira akafumba macho. Machozi yalitoka pembeni, meupe, ya kawaida. Bwambale aliushika unyayo wa mkewe juu ya shuka, mahali mkono ulipofika.

"Sasa," Aryemo akasema, na sauti ikabadilika. "Nilisema, sikusema? Nani alimpa?"

Wodi ikatulia. Kina mama wa vitanda kumi na viwili walisogeza masikio. Chini, upande wa pili wa kitanda, kitenge kilianza kupanda polepole kufunika kichwa.

"Mimi," alisema Bwambale.

"Wewe?"

"Mimi, daktari. Niliinunua Mpondwe. Nikasaga, nikatia kwenye uji. Nilidhani ni nyingine."

"Wewe ambaye nilikunyooshea kidole hivi?"

"Ndiyo."

"Wewe mtu mzima?" Aryemo alikuwa hajalala vizuri, na aliogopa siku tatu, na sasa hofu ikapata pa kutokea. "Mnatuona sisi tunacheza hapa? Mkeo ni mbuzi, umpe chochote kilichoanguka chini? Unajua nilikuwa naandika maneno gani kichwani ya kukuambia akifa? Simama nikuone. Simama, wanafunzi wakuone, wajue mtu anayeua mke wake kwa mapenzi anafananaje."

Bwambale akasimama. Mwanamke mmoja akasonya. Mwingine akasema, "Wanaume wa Bwera, banange." Yeye aliangalia vidole vya miguu yake, aproni hana, mikono hajui aiweke wapi, masikio yamewaka kama ya mtoto aliyekamatwa kwenye miwa ya watu. Kavira alimtazama kutoka kwenye mto. Alijua. Alitaka kusema, na Bwambale akamkazia jicho: nyamaza.

"Nisamehe, daktari. Sitarudia."

"Hutarudia! Atakuwa na damu ngapi za..."

"Wacha kumugombeza huyu mutoto."

Hakuna aliyetambua sauti ilitoka wapi. Kisha mama mkwe akainuka kwenye mkeka, kwanza goti moja, kisha la pili, akishika chuma cha kitanda. Kitenge alikiacha chini. Kichwa chake kilikuwa cheupe kabisa.

"Anadanganya," alisema. "Anadanganya juu ya kunificha. Ni mimi nilisaga. Ni mimi nilitia mu uji. Yeye hakujua kitu. Kama ni kusimama, basi mimi ndiye wa kusimama. Angalieni."

Akasimama pale, mwembamba, mikono imening'inia. Wanafunzi waliangalia sakafu. Aryemo alifungua mdomo, akaufunga, akaupitisha mkono usoni kutoka juu mpaka chini.

"Kaa, mama," alisema mwishowe, taratibu. "Kaa kitandani hapo. Hakuna mtu atasimama tena." Akatoa kalamu. "Nitaandika kadi. Aende nayo kila mahali. Akiingia duka lolote la dawa, hospitali yoyote, aionyeshe kabla hajasema anaumwa wapi."

Akaandika. Wivine alifuata kalamu kwa macho.

"Umeandika nini?"

"Septrini. Asipewe kabisa."

"Andika na jina ya kwetu."

Aryemo akaandika.

"Andika na kadi ingine," Wivine akasema. "Moja ya kwake. Moja yangu. Nitaibeba Butembo. Kuko dada zake beko kule, kuko masista. Hata mimi nikikufa, ibaki mu nyumba."

Daktari akaandika ya pili, akampa, akaondoka na wanafunzi wake. Wivine alikaa ukingoni mwa kitanda cha mwanawe na kadi mikononi. Aliigeuza juu chini, akaigeuza tena. Hakwenda shule hata siku moja. Kavira akanyoosha mkono amsaidie, lakini mama yake hakumpa. Aliinua kichwa, akatazama juu ya kitanda, moja kwa moja, usoni.

"Baba Jolly," alisema. "Nionyeshe. Ya kwetu ni gani?"

Bwambale alizunguka kitanda. Akapiga magoti kando yake, bega karibu na bega, na kwa kuwa kidole cha mama mkwe kilikuwa kinatangatanga juu ya karatasi bila kujua pa kutua, akakishika kwa mkono wake mzito, akakiweka.

"Hii hapa ndiyo ya kwenu, mama. Na hii ya juu ndiyo ya kwetu."

Mama mkwe alikitazama kidole chake pale kilipotua, kwa muda mrefu, kama mtu anayejifunza sura ya adui.

"Tena," alisema. "Nionyeshe tena."